Maswali ya Wasomaji: Neosho, meli ya mafuta iliyopigwa mabomu saba ikabaki juu ya maji

Toleo lililopita tulichapa ukurasa mmoja juu ya USS Neosho, meli ya mafuta ya jeshi la majini la Marekani. Ilitoka salama kwenye shambulio la Wajapani la Pearl Harbor, Hawaii, Desemba 1941, ikapotea katika Bahari ya Matumbawe, kaskazini-mashariki mwa Australia, Mei 1942. Barua zimemiminika, na nyingi zimetoka Nyanda za Juu Kusini. Haitushangazi. Watu wa huku wanaishi kando ya bomba la mafuta la TAZAMA lililoanza kazi 1968, na kando ya barabara ambayo malori ya mafuta hayakatiki usiku wala mchana. Wanajua mafuta ni mzigo wa namna gani. Tumechagua barua saba.

Mmesema Neosho ilibeba mapipa 146,000. Mimi huhesabu kwa lita. Hayo ni malori mangapi kama langu la lita 40,000? Na jina hilo lina maana gani? — Dereva, Makambako

Dereva, pipa la biashara ya mafuta si lile la bati la lita 200 unaloliona gereji. Ni kipimo, nacho ni lita 159. Mapipa 146,000 ni lita milioni 23.2, yaani malori 580 kama lako. Yapange barabarani, kila moja lichukue mita 100 pamoja na nafasi ya kuachiana, upate foleni ya kilomita 58. Hiyo ni karibu kutoka hapo ulipo mpaka Njombe mjini. Mzigo wote huo ulikaa ndani ya chombo kimoja chenye urefu wa mita 169 na upana wa mita 23, kikiendeshwa na watu wapatao 300. Kasi yake ilikuwa noti 18, sawa na kilomita 33 kwa saa, na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake kubwa. Meli za mafuta za zamani zilikuwa na mwendo wa kobe, na msafara mzima wa vita ulilazimika kuzisubiri.

Neosho ni jina la mto wa Kansas na Oklahoma. Meli za mafuta za jeshi lile zilipewa majina ya mito.

Sielewi jinsi meli mbili kubwa zinavyopeana mafuta zikiwa kwenye mwendo, katikati ya mawimbi. Kwa nini zisisimame? — Mwalimu wa fizikia, Iringa

Mwalimu, meli iliyosimama baharini haitulii. Ikikosa mwendo, usukani haushiki, wimbi linaigeuza ubavu, na inaanza kuyumba kama ndoo. Meli mbili zilizosimama karibu karibu zitagongana. Zaidi ya hayo, wakati wa vita meli iliyosimama ni zawadi kwa nyambizi. Kwa hiyo kazi hufanywa kwa mwendo wa noti 8 hadi 12, meli zikiwa sambamba, na kati yao kukiwa na maji ya mita 20 hivi.

Wamarekani walianza kuizoea kazi hiyo mwaka 1917, pale meli ya mafuta Maumee ilipojaza manowari ndogo zilizokuwa zikivuka Atlantiki kwenda Ireland. Ofisa mmoja wa Maumee aliyeshughulikia mpango huo alikuwa Chester Nimitz, ambaye mwaka 1942 ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi ya majini ya Marekani katika Pasifiki. Waingereza kwa muda mrefu walipendelea njia nyingine: meli ya mafuta inaburuta mpira nyuma yake, na meli yenye shida inaufuata na kuuokota. Njia hiyo ina hatari ndogo ya kugongana, ila inajaza meli moja moja na inakula muda. Ya ubavuni inaweza kujaza meli mbili kwa pamoja, moja kila upande.

Hatua zake ni hizi. Meli ya mafuta hushika uelekeo mmoja na kasi moja, wala haibadilishi chochote. Anayekuja kujaza ndiye anayesogea, akitokea nyuma, na ndiye anayejirekebisha muda wote. Akishakuwa sambamba, hurushwa kamba nyembamba, kwa mkono au kwa bunduki maalumu. Kamba hiyo huvuta kamba nene zaidi, na ile nene huvuta waya wa simu, kamba ya kupimia umbali yenye alama za kuonekana, na mwisho mpira wenyewe. Katika siku za Neosho mpira mkubwa ulikuwa na kipenyo cha sentimita 15, umeunganishwa vipande vipande na kuning'inizwa kwenye vibebeo vyenye umbo la tandiko la farasi, vilivyofungwa kwa nyaya kutoka kwenye mlingoti wa winchi. Mtu wa winchi hulegeza na kukaza kadiri meli zinavyoachana na kukaribiana, ili mpira ubaki na tumbo la kutosha: usikazike ukakatika, wala usichovye baharini. Ukishafungwa, pampu huanza taratibu, viungo vyote vikaguliwe, ndipo msukumo uongezwe. Mwishoni mpira husafishwa kwa hewa ya kushindiliwa kabla haujafunguliwa, la sivyo mafuta yaliyobaki ndani yatamwagikia watu na sitaha.

Kinachokosewa zaidi ni kushika usukani, na hapo fizikia yako itakusaidia. Kwa noti 10, meli inakwenda mita 5.1 kwa sekunde. Kosa la nyuzi moja tu ya uelekeo linaisogeza upande kwa mita 5.4 kila dakika, kwa hiyo zile mita 20 zinaisha kabla dakika ya nne haijakamilika. Pamoja na hilo, maji yanayopita kwa kasi kwenye ule mfereji mwembamba kati ya meli mbili yana msukumo mdogo kuliko yale ya nje, na matumbo ya meli huvutana. Kule omo maji yaliyorundikana husukumana. Mshika usukani anahisi pua ya meli inakataliwa huku tumbo linavutwa, na akizungusha sana kurekebisha, anaitupa tezi upande wa mwenzake. Ndiyo maana wenye shoka husimama kando ya kamba tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi. Amri ya kuachana ikitoka, hakuna anayefungua fundo.

Na mafuta yenyewe yana tabia yake. Yale ya boila ni mazito. Aliyewahi kupandisha mawese ya Kyela mpaka Mbeya mwezi wa Juni anajua: jioni yalikuwa yakitiririka, asubuhi yameganda ndani ya dumu. Kwa sababu hiyo matangi ya meli ya mafuta yana mabomba ya mvuke yaliyozungushwa ndani yake, ya kuyapasha moto mafuta yakubali pampu. Boila ikifa, joto linakufa, na pampu zinakufa pia. Jambo hilo tutalirudia chini.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mwanjelwa. Mliandika kwamba Neosho ilikuwa hatari Pearl Harbor ingawa ilikuwa imeshamwaga petroli. Wenzangu wanabisha, wanasema tangi tupu haliwezi kulipuka. — Fundi, Mbeya

Fundi, waambie wenzako waache kubisha, maana ubishi huu unaua. Petroli ikiwa majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, tena kwa kiwango maalumu: kuanzia asilimia 1.4 hadi asilimia 7.6 hivi. Chini ya hapo ni hafifu mno, juu ya hapo hewa haitoshi. Tangi lililojaa mpaka juu halina nafasi ya mchanganyiko huo. Tangi tupu ni nafasi tupu. Lita moja ya petroli hutoa zaidi ya lita 200 za mvuke, kwa hiyo kijiko kimoja cha chakula kilichobaki kwenye mshono wa pipa la lita 200 kinatosha kulifanya pipa zima kuwa bomu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Unalala chini, na pua iliyo mdomoni mwa pipa haiupati.

Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, Neosho ilikuwa imefungwa gatini kwenye kisiwa cha Ford, katikati ya mstari wa manowari kubwa. Jirani yake mmoja alikuwa California, na upande wa pili Maryland na Oklahoma. Ilikuwa imetoka kumaliza kusukuma petroli ya ndege kwenda kituo cha kisiwani. Shambulio lilianza saa 1:55 asubuhi kwa saa ya huko. Oklahoma ilipigwa torpido kadhaa, ikapinduka. Nahodha wa Neosho, John S. Phillips, aliona mambo mawili: meli yake yenye matangi ya mvuke ikilipuka itawachoma majirani wote pamoja na gati, na ikikaa hapo inawazibia njia. Saa 2:42 kamba zilikatwa, meli ikarudi kinyumenyume, ikaipita Oklahoma iliyokuwa kifudifudi, ikavuka hadi Merry Point upande wa pili wa bandari, mizinga yake midogo ikifyatua muda wote. Mabaharia watatu walijeruhiwa kwa risasi za ndege. Hakuna bomu lililoigusa.

Baharini matangi kama hayo husafishwa kwa mvuke wa boila na kwa mifuko mirefu ya turubai inayoelekeza upepo hadi chini kabisa. Kwa pipa lako la Mwanjelwa fanya hivi. Mimina mpaka tone la mwisho. Osha kwa maji ya moto na sabuni, zaidi ya mara moja, ukilitikisa ili mishono iguswe. Kisha jaza maji safi hadi chini kidogo tu ya pale unapochomelea, na uache mifuniko yote wazi. Ile nafasi ndogo ya hewa iliyobaki iwe upande wenye tundu. Usiamini pua. Usiamini kwamba moshi wa eksozi ukipulizwa ndani utalifanya pipa kuwa salama, hasa wa dizeli, kwani bado una oksijeni nyingi. Na usianze na grainda ukidhani si moto: cheche zake zinatosha.

Kwetu kuna makaa ya mawe ya Mchuchuma, tunaambiwa ni utajiri. Kwa nini basi manowari ziliacha makaa zikaenda kwenye mafuta? — Mfanyabiashara, Ludewa

Kwa sababu ya mgongo wa binadamu, kwanza kabisa. Makaa yanabebwa kwa magunia na vikapu, yanamwagwa kwa koleo, yanasukumwa tanuruni kwa koleo. Kujaza manowari kubwa makaa kulichosha meli nzima kwa siku nzima, na kuyapokea baharini kwenye mawimbi ilikuwa karibu haiwezekani. Mafuta yanapita kwenye mpira. Tena kilo moja ya mafuta ya boila ina nishati ya megajuli 42 hivi, ilhali makaa mazuri yanafikia 30 na ya kawaida huwa chini ya hapo.

Mfano mzuri uko pwani yetu wenyewe. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamisha HMS Pegasus hapo Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Meli yake ya kuiletea makaa, Somali, ilijificha humo pia, na Novemba mwaka huo ilipigwa mizinga na Waingereza ikateketea. Manowari isiyo na mletaji wa makaa haiendi popote. Königsberg ilibaki mtoni mpaka ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915, na mizinga yake ikaondolewa kwenda kupigana nchi kavu.

Meli yenye mafuta tele inapigwa mabomu saba, halafu inaelea siku nne. Je, si miujiza? Na kwa nini Wajapani walipoteza ndege nyingi kiasi hicho kwa meli ya mafuta? — Mwanafunzi wa kidato cha tano, Njombe

Mwanangu, anza na la pili. Tarehe 6 Mei 1942 Neosho iliijaza meli ya kubeba ndege Yorktown na manowari Astoria, kisha ikaelekezwa kusini, mbali na mapigano, ikilindwa na manowari ndogo moja tu, Sims. Asubuhi ya tarehe 7 ndege ya upelelezi ya Wajapani iliziona mbili hizo na kutoa taarifa: meli moja ya kubeba ndege na manowari moja ya wastani. Kutoka juu sana angani, meli ndefu yenye sitaha tambarare na mwenzake mdogo pembeni huleta picha hiyo, hasa kwa macho yanayoitafuta picha hiyo. Meli za Kijapani za kubeba ndege, Shokaku na Zuikaku, zikarusha ndege 78. Zilipofika na kugundua kosa, zilitafuta eneo lile kwa muda mrefu zikitumaini kuipata meli ya kubeba ndege. Zile zilizobeba torpido zikarudi bila kuzitumia. Zile za kutupa mabomu kwa kupiga mbizi ziliamua kutorudi na mzigo, zikazishukia meli mbili mchana huo. Wakati ndege hizo ziko huko, ndege za Marekani zilikuwa zimeipata Shoho, meli ndogo ya Kijapani ya kubeba ndege, na kuizamisha. Taarifa moja isiyo sahihi iliwapotezea Wajapani asubuhi nzima.

Sims ilipigwa mabomu matatu, ikavunjika na kuzama kwa dakika chache. Neosho ilipigwa saba, na ndege moja iliyokuwa imetunguliwa ikaiangukia. Moto, boila zikapasuka, meli ikalalia upande wa kulia kwa nyuzi 30.

Sasa kwa nini haikuzama. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025. Mafuta mazito ya ujazo huohuo yana kilo 950 hivi. Toboa tangi lililojaa mafuta chini ya maji: hakuna nafasi ya maji kuingia kwa kishindo, kwa sababu ndani tayari kuna kitu chepesi kuliko maji. Kila mita ya ujazo inaendelea kuinua kilo 75. Tangi tupu ambalo halijatobolewa ndilo hazina kubwa zaidi, maana kila mita yake ya ujazo inainua kilo 1,025. Neosho ilikuwa imetoa sehemu ya mzigo wake, kwa hiyo baadhi ya matangi yalikuwa na nafasi, na yametenganishwa kwa kuta ndefu na fupi: ya katikati na ya ubavuni. Bomu linafungua moja au mawili, mengine yanabaki. Meli ya mizigo ya kawaida, yenye ngama moja pana, ingekwenda chini siku hiyohiyo.

Siyo muujiza, basi, ila ni kazi ya watu pia. Mkuu wa boila Oscar V. Peterson alikuwa na kikosi cha kurekebisha uharibifu. Wenzake waliumia, naye akaumia vibaya. Mabomba makuu ya mvuke yalikuwa yamepasuka, na mvuke wa boila hauonekani unapotoka kwenye tundu: kinachoonekana ni wingu lake mbele kidogo, ukishapoa. Anayenyoosha mkono kufikia koki anaingia ndani ya kitu asichokiona. Peterson aliingia akafunga koki za kwenye ukuta, akaungua zaidi, na majeraha hayo yakamuua siku chache baadaye. Alipewa Medali ya Heshima baada ya kufa.

Mvuke ulipokwisha, kila kitu kilikwisha pamoja nao: injini, pampu, joto la mafuta. Ndilo lile tulilomwambia mwalimu wa Iringa. Bila pampu huwezi kuhamisha mafuta kutoka upande uliolemewa kwenda upande mwingine. Kilichobaki ni kufungua koki za matangi ya kushoto kwa mkono na kuacha bahari iingie, ili mlalo upungue kidogo. Unaizamisha meli kwa makusudi upande mmoja ili isipinduke upande wa pili. Hesabu hiyo inahitaji utulivu wa ajabu.

Wanaume wa kwetu wanavua ziwani, na mwera ukivuma tunakaa ufukweni tunahesabu mitumbwi. Nilisoma kwamba wengi wa Neosho hawakuuawa na mabomu. Walikufaje? — Mama, Kyela

Mama, umegusa mahali penyewe. Asubuhi ya tarehe 8 nahodha Phillips alihesabu watu wake. Waliokuwepo: maofisa 16 na mabaharia 94 wa Neosho, pamoja na 15 waliookoka Sims. Waliojulikana kufa: 20. Wasiojulikana walipo: 158. Wengi wa hao 158 walikuwa wameruka baharini.

Amri iliyotolewa ilikuwa ya kujiandaa kuiacha meli na kusubiri. Katikati ya moshi, kelele na mvuke, amri ilipita mdomo kwa mdomo, na wengine walisikia neno moja tu: kuiacha. Vyelezo vikateremshwa, watu wakaruka. Mashua mbili zilikwenda kuwaokota, zikajaa, zikarudi melini na watu wao, na giza likaingia kabla ya kuvifikia vyelezo vilivyokuwa mbali. Kulipokucha havikuonekana. Meli, kwa kuwa ina ubavu mrefu juu ya maji, inasukumwa na upepo. Chelezo kilichozama nusu kinakwenda na mkondo wa maji. Vitu viwili vilivyoachwa pamoja jioni vinaamka mbali, hata kama hakuna aliyepiga kasia. Na mtu aliyekaa kwenye chelezo, jicho likiwa mita moja juu ya maji, anaona kilomita tatu na nusu tu kabla upeo haujamfungia.

Kosa la pili lilikuwa la tarakimu. Mahali ilipokuwa meli palikokotolewa vibaya kwenye ramani, na namba hiyo ndiyo iliyotumwa kwa redio. Kosa la dakika 30 za longitudo, yaani nusu nyuzi ya mashariki-magharibi kwenye ramani, katika eneo lile ni kilomita 53. Manowari Monaghan ilitumwa kutafuta, ikatafuta pale ilipoambiwa, haikuona kitu. Ndege ya Australia ndiyo iliyoiona Neosho, na tarehe 11 Mei manowari Henley ikafika, ikachukua watu 123, kisha ikaizamisha meli kwa mizinga kwa kuwa haikuwa na tumaini la kuvutwa.

Watu 68 walikuwa wamekusanyika kwenye vyelezo vinne vilivyofungwa pamoja. Manowari Helm ilipowafikia, zaidi ya wiki moja baadaye, walikuwa hai wanne. Kiu ndiyo iliyowamaliza. Hapa ndipo ziwa lenu na bahari vinapoachana. Mvuvi wa Nyasa akipotea, maji ya kunywa yamemzunguka. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita, na figo haiwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho. Anayekunywa lita moja anahitaji zaidi ya lita moja na nusu kuitoa chumvi yake, kwa hiyo kila funda linamkausha. Anayejua hilo bado anakunywa siku ya nne, akili ikishayumba.

Kwa mitumbwi yenu, mambo matatu yanafaa moja kwa moja. Mtumbwi ukipinduka, kaeni nao, mjifunge kwao. Mtumbwi uliopinduka unaonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani. Mkiwa na vyombo viwili, viunganisheni kwa kamba kabla giza halijaingia. Na kabla ya kuondoka, anayebaki ufukweni aambiwe saa ya kuondoka na upande mnaoelekea, ayarudie maneno hayo kwa sauti, kwa sababu huyo ndiye atakayewaelekeza wanaotafuta.

Marehemu baba yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Bukini 1942. Alikuwa akitaja meli ya mafuta iliyozamishwa huko bandarini. Kuna ukweli? — Mzee, Tukuyu

Shikamoo, Mzee. Kuna ukweli. Bukini, yaani Madagascar, ilivamiwa na Waingereza Mei 1942, wakaanzia bandari ya Diego Suarez, ambayo leo ni Antsiranana. Usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za Kijapani za watu wawili wawili, zilizoletwa na nyambizi kubwa I-16 na I-20, zilitumwa kushambulia bandari, na moja ikapenya ndani. Torpido moja iliipiga manowari kubwa Ramillies, ambayo baadaye ilipelekwa Durban kutengenezwa. Nyingine iliizamisha meli ya mafuta British Loyalty, iliyojengwa 1928.

Baba yako alifika baada ya hapo. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, ambamo kilikuwamo kikosi cha 1/6 KAR cha Tanganyika, iliteremka Majunga Septemba 1942 na kwenda Tananarive, uliotekwa tarehe 23 mwezi huo. Wafaransa waliotii serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani, waliweka silaha chini mwanzoni mwa Novemba. Siku hizo meli za Uingereza za Bahari ya Hindi zilikuwa na makao Kilindini, Mombasa, zilikohamia baada ya Colombo na Trincomalee kushambuliwa Aprili, na meli za mafuta ndizo zilizounganisha Kilindini na vituo vya mbali.

British Loyalty haikuachwa chini. Bandari ile haikuwa na kina kirefu, hivyo iliinuliwa kabla mwaka haujaisha, ikavutwa hadi Addu, kusini mwa visiwa vya Maldives, ikawa ghala la mafuta linaloelea. Kinga yake ilikuwa nyavu za chuma zilizozungushwa bandarini kuzuia torpido. Tarehe 9 Machi 1944 nyambizi ya Kijerumani U-183 ilikaa nje, ikapata pengo kwenye nyavu hizo, ikalenga kupitia hapo na kuipiga mara ya pili. Iliharibika sana, haikusafiri tena. Vita vilipokwisha Waingereza waliizamisha wenyewe karibu na kisiwa cha Hithadhoo, tarehe 5 Januari 1946. Imelala ubavu, kwenye kina cha mita 33 hivi, na wazamiaji hushuka kuitazama mpaka leo.